Rudisheni Mbao za Watoto

Jumapili moja mwezi jana soja wa geti letu alikusanya mbao saba za watoto, akazirundika nyuma ya jaa, akazimwagia mafuta ya taa na kuzipiga kiberiti. Hakufanya hivyo kwa chuki zake. Alitumwa. Aliyemtuma ni kamati ya mtaa, na kamati ya mtaa ni sisi tunaotoa pesa za ulinzi kila mwisho wa mwezi na kujiita wenyeji. Kwenye mkutano uliopitisha jambo hilo nilikuwepo. Ilikuwa ajenda ya nne, baada ya maji na kabla ya taka. Mwenyekiti akasema, "Hizi vitu za watoto zinatusumbua, si tuzitoe tu?" Mikono ikainuka. Wangu haukuinuka kukubali wala kukataa, kwa sababu nilikuwa naangalia simu. Basi lawama zote nitakazomwaga hapa, ya kwanza nimejimwagia mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa Eastlands, nieleze kilichochomwa. Ni ubao wa urefu wa kifua cha mtoto hadi magoti, wenye beringi tatu au nne kuukuu za gari chini yake. Mtoto anaulalia kwa tumbo, kichwa mbele, mikono kwenye ekseli ya mbele, miguu ikining'inia nyuma. Mwenzake anamsukuma mara moja tu, kisha mteremko unamchukua. Wengine wanaukalia, wengine wanapiga magoti, lakini wale wanaojua wanalala, kwa sababu ukilala uzito wako uko chini na kona haikupindui. Hakuna mwalimu aliyewaambia hivyo. Waliambiwa na lami.

Tazama jinsi unavyotengenezwa, halafu uniambie kama huo ni uchafu. Mbao zinatoka kwa paleti zilizotupwa Industrial Area, ama mabaki ya kule Gikomba kwa wauza mbao. Paini ni nyepesi, inafaa kulaliwa, lakini ukichonga ekseli ya paini itavunjika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ekseli ni ya mti mgumu: mpini wa jembe uliokatika au kipande cha mkaratusi. Beringi zinatoka gereji, nyingi kutoka Kariobangi Light Industries, na fundi humpa mtoto bure akimfagilia karakana. Sasa kazi yenyewe. Ncha ya ekseli inachongwa kwa kisu mpaka iwe nene kidogo kuliko tundu la beringi, halafu beringi inagongwa iingie kwa nguvu. Ukichonga sana, itacheza na kuchomoka. Ukichonga kidogo, mti utapasuka. Mbele ya beringi unagongwa msumari, na kati ya msumari na beringi kinawekwa kifuniko cha soda kilichobondwa kikawa bapa, ili beringi isisuguane na msumari. Ekseli ya nyuma inapigiliwa isisogee. Ya mbele inashikwa na bolti moja tu katikati, ndiyo igeuke. Nyuma kabisa kuna kipande cha tairi, sawa na kile cha akala, ambacho mtoto anakikanyaga kwa kidole cha mguu akitaka kusimama.

Ekseli, uzito, msuguano, breki: hayo yote yako mle ndani, na aliyeyapanga ana miaka kumi na moja na hana rula.

Sasa nenda upande wa pili wa ukuta, ndani ya nyumba zetu. Mtoto yuleyule anasoma chini ya mtaala wa umilisi, hii CBC tunayoilalamikia kila siku. Darasa la kwanza la sekondari msingi liliingia Januari 2023, na humo kuna somo zima la kumwandaa mtoto kwa ufundi. Mwalimu anaagiza kazi ya mikono. Mzazi anarudi saa mbili usiku kutoka kazini, amechoka, anauliza, "Inatakiwa lini?" Anaambiwa kesho. Asubuhi anapita kwa jamaa wa vifaa vya shule kando ya barabara, anamnunulia mtoto kigari kilichokwisha kutengenezwa kwa waya na maboksi. Mtoto anakipeleka shuleni, anapewa alama, kigari kinatupwa. Tumelipa pesa mtoto wetu aonekane ametengeneza kitu, na wiki hiyohiyo tumemlipa soja achome kitu alichotengeneza kweli.

Msinielewe vibaya. Simlaumu mzazi aliyechoka. Mimi mwenyewe nimenunua ufagio wa shule na kumwambia binti yangu aseme aliufuma. Ninacholaumu ni hii tabia yetu ya kutotambua ufundi mpaka uje na karatasi. Ni tabia ya zamani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na useremala, ushonaji na uchongaji, na tuliozaliwa enzi hizo tunakumbuka miiko na vigoda tulivyobeba shuleni. Wazazi wengi walinunua hivyo navyo sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa, ikasemekana mzigo ulikuwa mzito. Miaka ikapita, tukaanza kulia kwamba vijana hawana ujuzi wa mikono, tukaleta mtaala mpya. Muda huo wote, madogo wa Makadara, Umoja, Dandora na Kayole walikuwa wakigonga beringi kwenye ekseli bila kungoja wizara.

Hoja ya kwanza ya kamati ni kelele. Ni kweli, beringi kwenye lami hulia kama mashine ya posho. Lakini huku kwetu matatu hupita na muziki unaotikisa vikombe kabatini, kila Ijumaa kuna kesha, na kuna jirani mmoja anayepasha injini saa kumi na moja alfajiri. Hao hatujawachomea chochote. Kelele ya mtoto ndiyo pekee tunayoiweza, kwa hivyo ndiyo tunayoiita kelele.

Hoja ya pili ni hatari, na hii siichezei. Mwaka juzi dogo mmoja wa korti ya pili aligonga ukingo wa barabara, mkono ukavunjika, na mamake alizunguka na ile plasta hospitalini mara nne. Nilimwona. Lakini uliza kwanza kwa nini alikuwa kwenye ukingo ule. Alikuwa anaikwepa boda boda iliyopanda juu kwenye njia ya watu. Tulichoondoa baada ya ajali ni ubao. Boda boda bado inapita palepale. Tena mtoto ukimnyima mteremko hatakaa ndani akisoma Biblia. Atatafuta kwingine. Yale machimbo ya mawe upande wa Njiru na Kayole hujaa maji ya mvua, na yamemeza watoto waliokwenda kuogelea bila kujua kuogelea. Tukichagua hatari, afadhali hatari ninayoweza kuiona nikiwa dirishani.

Hoja ya tatu haikusemwa mkutanini. Nilielezwa baadaye kwenye ngazi, kwa sauti ya chini: "Lakini buda, hizo vitu zinatuangusha. Mtaa unakaa slamu." Hapo ndipo penyewe. Kelele na hatari ni nguo tu. Mwili ni aibu. Tumepaka geti rangi, tumeweka kabro, tunataka mpangaji mpya akija na pikapu yake ya vyombo asione mtoto aliyelala kwa tumbo juu ya mbao za paleti. Mtoto huyohuyo akiwa juu ya skuta ya plastiki ya dukani, tungempiga picha.

Kwa sababu ya aibu hiyo nataka niwapeleke Mombasa kidogo. Moja ya zile mbao saba iliwahi kufika huko.

Agosti mwaka jana vijana wa kanisa walikodi basi kwenda pwani siku tatu. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee wa kuwachunga. Kwenye buti, chini ya mabegi na sufuria, dogo wa miaka kumi na minne alikuwa ameficha ubao wake. Alikuwa amefungua ekseli zote mbili akaziacha nyumbani. Nilipomuuliza ni wa nini akaniambia ameona kwa simu watu wakilalia mawimbi, na yeye kulala anajua. Nikacheka. Wengi wetu katika basi lile hatukuwa tumewahi kuona bahari.

Tulifika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu huuita Pirates, maji yakiwa yamejaa. Pale mawimbi si makubwa, maana mwamba ulio nje huyavunja nguvu. Ukitaka makubwa, wanasema wenyeji, nenda ghuba ya Malindi wakati wa kusi, ambako mwamba umeacha mlango. Lakini maji yakijaa na upepo wa kusi ukivuma, hata Pirates wimbi dogo huja limenyooka hadi mchangani. Wenzake walikodi chubu za matairi. Yeye akaingia na ubao hadi maji ya kiunoni, akaligeukia ufuo, akangoja, akajitupa. Pua ya ubao ikachimba maji, mkia ukainuka, naye akapinduka akanywa chumvi. Mara ya pili vilevile. Ufuo mzima ukacheka, nami nikiwemo.

Mzee mmoja aliyekuwa akiuza madafu akamwita. "Mwanangu, hizo pembe ndizo zinazochimba. Lete nikukatie." Akazipunguza pembe mbili za mbele kwa panga lake, kisha akachonga ncha kwa chini ili ielekee juu kidogo, kama pua ya mtumbwi. Akautazama upande wa chini, palipopigiliwa yale mataruma mawili yanayoshikanisha mbao. "Na haya yatakuzuia. Ulalie upande huu." Dogo akaugeuza ubao: upande laini majini, mataruma juu, nayo yakawa ya kushikia. Mara ya tatu wimbi lilimnyanyua, akasogeza kifua nyuma kidogo, na ubao ukaondoka naye. Alikuja mpaka kwenye mchanga mkavu, tumbo limechubuka, akisema neno moja tu: "Imeshika! Imeshika!"

Mwaka mzima wa kulala juu ya beringi ulikuwa umemfundisha kitu ambacho wale wa chubu hawakuwa nacho. Alijua aweke wapi uzito. Alijua kwamba kifua kikienda mbele sana pua inazama, na kikirudi nyuma sana mwendo unakufa. Mteremko wa lami na mgongo wa wimbi ni ndugu: vyote viwili ni kilima, ila kimoja kinatembea.

Niliporudi nilisoma habari za mchezo ule, nikaona tulivyokuwa wajinga kucheka. Miaka ya 1830 msafiri Mskoti, James Edward Alexander, alipita Accra na kuandika juu ya wavulana walioingia baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakangoja wimbi, wakaja nalo. Hakuna aliyewaletea kifaa. Mwaka 1922 mwandishi wa hadithi za upelelezi Agatha Christie alijaribu mchezo huo Muizenberg, karibu na Cape Town, juu ya ubao mwembamba wa kawaida. Na huko Cornwall, Uingereza, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mmoja wa waliowachongea watu mbao za kulalia mawimbi alikuwa fundi wa majeneza: msumeno uleule, mbao zilezile. Leo mbao zile za Cornwall ni urithi. Watu wazima wenye kazi nzuri huzitoa stoo kwa babu zao, wakazisugua mafuta, na ufuo wa Chapel Porth umewahi kuandaliwa mashindano ya dunia ya ubao mtupu. Hakuna aliyewaambia wanaangusha mtaa.

Na kama Cornwall ni mbali, njoo karibu. Goma, mashariki mwa Kongo, wana chukudu, skuta kubwa ya mbao iliyochongwa kwa panga na patasi, magurudumu yake ya mti yakavishwa mpira wa tairi. Inabeba magunia ya viazi, makaa na kabichi kutoka milimani, na mwenye chukudu anateremka nayo amepiga goti moja. Familia zinasomeshwa na chukudu. Na katikati ya mji, kwenye mzunguko wa barabara, Goma wamesimamisha sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake. Wao waliona ubao wenye magurudumu wakajenga mnara. Sisi tuliona ubao wenye magurudumu tukaita soja.

Tusisahau pia sisi ni nani. Eastlands nzima inakula kwa kitu kilichotengenezwa kwa mkono kando ya barabara: masanduku na majiko ya Kamukunji, vitanda vya Gikomba, mikokoteni inayotuletea maji bomba likikauka. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya na kusema wazi kwamba mafundi hawa wadogo, waliokuwa wakifukuzwa na kubomolewa vibanda, ndio waliokuwa wakizalisha kazi. Ilichukua miaka mingi serikali kukubali, na hata leo mabomu ya machozi huwafikia mafundi kabla ya mikopo. Mtoto wa beringi ni fundi wa jua kali ambaye hajakua. Tunamfanyia mapema kile ambacho wakubwa wamemfanyia babake maisha yake yote.

Na jambo hili lina mzizi ardhini. Mbona watoto wanateremkia barabarani? Kwa sababu uwanja haupo. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilikabidhi ripoti yake mwaka 2004, ikaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, viwanja vya kuchezea na ardhi za shule zikiwemo. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Langata Road walirushiwa vitoa machozi kwa kudai uwanja wao. Sisi huku tulitazama kwa runinga tukasikitika. Lakini pale tulipokuwa na kipande cha nyasi mbele ya korti ya tatu, ni nani aliyekigeuza maegesho? Hakuwa bwanyenye kutoka nje. Tulipiga kura. Pesa za kabro tulichanga wenyewe, na kabro hiyo ina mianya inayokamata beringi, ndiyo maana watoto wakahamia barabara ya nje yenye lami, kwenye boda boda. Tumewasukuma kwenye hatari, kisha tukawahukumu kwa kuwa hatarini.

Si lazima iwe hivyo. Dandora, mtaa uliopangwa kuanzia mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikuwa na viwanja vya ndani katikati ya nyumba. Miaka ikavigeuza majaa na maficho. Vijana wa pale, kundi la Mustard Seed wakiwa miongoni mwao, waliamka wakazoa taka, wakapanda miti, wakapaka kuta rangi, wakawarudishia watoto mahali pa kuchezea. Walianza na koleo kabla ya kuwa na mfadhili. Na sheria iko nasi: Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sijaona mahali inaposema kwamba acheze na kitu cha dukani.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nitayasema kwenye mkutano ujao, simu ikiwa mfukoni. Kwanza, kamati iwaombe watoto msamaha, mbele yao, kwa mdomo. Pili, kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, ule mteremko kutoka tangi la maji hadi geti la chini ufungwe kwa magari na boda boda. Ni masaa matatu. Atakayetaka kutoka na gari lake atumie geti la juu. Tatu, wazazi wawili wasimame kila mwisho wa mteremko, na asiye na kofia ngumu asishuke. Nne, mtoto akiagizwa kazi ya mikono na shule, apeleke ubao wake aliougonga mwenyewe. Mwalimu akiukataa, mimi nitakwenda naye ofisini kuuliza kwa nini.

Watasema naota. Pesa za ulinzi hatutoi ili kulinda michezo, watasema. Nami nitauliza, tunalinda nini basi? Runinga?

Asubuhi baada ya moto nilipita pale jaani nikienda kazini. Madogo watatu walikuwa wamechuchumaa wakichambua majivu kwa kijiti, wakitoa beringi moja moja na kuzitia kwenye kopo la rangi. Mmoja wao alikuwa yule wa Mombasa. Alikuwa ameokota zake mbili, anazizungusha kwa kidole, nazo zinakwama. Grisi imeungua yote na chuma kimegeuka bluu. Hizo hazifai tena. Mtu yeyote wa gereji atakwambia. Nilimuuliza kuhusu ule ubao wenyewe, uliokatwa na mzee wa madafu.

"Ulikuwa wa juu kabisa," akasema. "Ndiyo ulishika haraka."

Ana beringi mbili mpya sasa, nilimnunulia Kariobangi. Mbao bado anatafuta. Chini ya kitanda changu kuna chaga mbili za paini ambazo hazishiki chochote, na leo jioni nitazitoa. Mkutano ni Jumapili saa nane, chini ya tangi. Njooni.